Uzito wa Kidole

Ndugu msomaji, hebu tuulizane swali ambalo kwa juu juu linaonekana ni la mafundi tu: ni haki kulifanya tendo zito liwe jepesi?

Nauliza kwa sababu ya kitu kidogo kisichofika hata urefu wa kidole. Triga. Kamusi inasema kifyatulio, sawa, lakini mtaani ni triga na hapa nitasema triga. Nayo ni ile ya bunduki inayojipakia yenyewe: ukivuta mara moja inatoa risasi moja, ukitaka ya pili uachie kidole kisha uvute tena. Taarifa za polisi wetu huziita SAR. Kule Marekani, ambako raia wanamiliki bunduki za namna hiyo kwa mamilioni, ipo biashara nzima ya kuboresha triga. Mtu ananunua AR-15 yake dukani, anaijaribu, anakunja uso: hii triga mbovu bwana. Mbovu vipi? Nzito, halafu inakwaruza.

Tuelewane kwanza kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Ndani ya bunduki mna nyundo ndogo inayosukumwa na springi kali. Triga ndiyo inayoizuia: ukingo wa chuma umeng'ang'ania ukingo mwenzake. Ukivuta, kingo zinasuguana, zinateleza, mwisho zinaachana. Nyundo inaruka, risasi inatoka. Triga ya kawaida ya AR-15 hutaka nguvu ya kilo mbili na nusu hadi karibu kilo nne, na bunduki yenyewe ikiwa tupu ina kilo tatu hivi. Umeiona hesabu hiyo? Kidole kimoja kinaweza kulazimika kuvuta kwa nguvu inayopita uzito wa chombo kizima. Ndiyo maana bunduki inatikisika, na risasi inakwenda kusikotakiwa.

Kwa hiyo fundi anailainisha. Lakini naye ana mpaka: kingo zikishikana kidogo mno, bunduki ikianguka tu inaweza kujifyatua. Hata mashindano yana mipaka. Katika yale ya Camp Perry, jimbo la Ohio, yaliyoanza huko mwaka 1907, kanuni za bunduki za kijeshi kwa miaka mingi zimedai triga iweze kuinua ratili nne na nusu, yaani kilo mbili, bila nyundo kuachia. Wanaininginiza mizani kabisa.

Sasa tuingie kwenye hoja. Wengi wetu tutasema haraka: triga nzito ni bora, inampa mtu nafasi ya kufikiri. Nami napenda ingekuwa hivyo. Lakini polisi wa New York walilijaribu jambo hilo kwa bastola zao. Waliziwekea triga za ratili kumi na mbili, zaidi ya kilo tano, ili askari asifyatue kwa bahati mbaya. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia risasi mtu aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Haikuwa triga peke yake, maana kulikuwa na hofu, umati na sekunde chache. Lakini wakosoaji waliuliza, na haki yao: uzito ule uliwaongezea busara, au uliwapunguzia shabaha tu?

Hapo ndipo ninapoanza kuona. Uzito wa triga haufikiri. Hauwezi kumwambia mtu "ngoja". Unachoweza ni kumchosha kidole tu, na kidole si dhamiri.

Walimu wa shabaha wana fundisho ambalo mwanafalsafa yeyote angelikimbilia. Wanasema: bana triga polepole, bila kuishtua, mpaka mlio wenyewe ukushtukize. Triga nzuri ndiyo inayofaa kwa hilo, maana inakatika ghafla kama kijiti kikavu. Haya, niambie: ikiwa mlio umemshtua mpigaji mwenyewe, aliamua saa ngapi? Hakuamua pale kingo zilipoachana. Aliamua kabla, alipoingiza kidole. Ndiyo maana kanuni ya kwenye viwanja vya shabaha ni kwamba kidole kinakaa nje mpaka uwe umeiona shabaha na umekwisha amua. Tendo limekwisha kabla chuma hakijasogea. Kinachobaki ni utekelezaji.

Kwa maana hiyo uzito ukiondolewa kwenye triga haupotei. Unahama. Lazima mtu aubebe mahali pengine: katika mafunzo, katika sheria, katika nafsi. Ubaya unaanza pale uzito unapoondolewa na hakuna aliyejitwisha.

Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja alifyatua zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika kumi hivi kutoka dirisha la hoteli. Watu 60 walikufa, wengine wao baadaye kwa majeraha. Bunduki zake kadhaa zilikuwa na kitako kinachotumia rungu la bunduki yenyewe, yaani ule mshtuko wa kurudi nyuma, kuigonganisha triga na kidole kilichotulia. Serikali ilikipiga marufuku kitako hicho kuanzia mwaka 2019. Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua marufuku hiyo, majaji sita kwa watatu. Ubishi ulikuwa juu ya maneno machache ya sheria ya 1934 kuhusu "kazi moja ya triga". Majaji wengi walitazama ndani ya chuma: kila risasi, triga imerudi na kuvutwa upya, basi si bunduki ya rashasha kisheria. Wachache walimtazama mtu: amefanya tendo moja, risasi zinamiminika.

Mimi si mwanasheria. Lakini kama swali ni la maadili, nasimama na wale waliomtazama mtu. Chuma hakina kesi ya kujibu. Ukiuliza triga imefanya nini mara ngapi, utapata hesabu sahihi, na maiti watabaki palepale.

Utaniambia, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi vijana tunaohangaika na kalamu? Yanatuhusu. Siku hizi kila kitu kinalainishwa kwa ajili ya kidole. Unabonyeza mara moja, jina la mtu limechafuka mji mzima. Anayelainisha anasema nimeboresha tu, na mbonyezaji anasema ilikuwa rahisi mno. Kila mmoja anamwachia mwenzake mzigo.

Simlaumu fundi anayetaka triga safi. Shabaha ya kweli ni jambo la heshima, na chombo kinachomtii mwenyewe ni bora kuliko kinachomvuruga. Namdai kitu kimoja tu yeye na mteja wake: kila gramu wanayoipunguza kwenye chuma, waseme nani ataibeba. Na wewe msomaji, kabla hujaingiza kidole, jiulize hilohilo.