Nani Anamtazama Mtoto?

Mtoto wa mwaka mmoja hana cheo kijijini wala neno barazani. Lakini siku aachapo kutambaa, akasimama dede, kisha akaenda tata hatua tatu na kuanguka, nyumba nzima hushangilia. Babu huacha wavu anaoutengeneza. Mama hunyosha mikono. Tangu siku ile hakuna tena chombo kinachokaa mahali pake. Mtoto humwaga unga, hukimbiza vifaranga, hutia kiatu cha baba katika chungu cha sombe, hula majivu, na ndoana ya babu huiona kuwa kitu cha kuchezea. Hata kanisani, wakati wa mafundisho, huponyoka mapajani mwa mama yake, akaenda moja kwa moja kwa mkatekista, akaishika kengele na kuipiga kabla ya saa yake. Watu wazima hushindwa kujizuia wasicheke, na si vibaya.

Mtoto huyo si mkaidi. Hajui kwamba moto huunguza mpaka umwunguze, wala hajui kwamba maji yana kina. Kumpiga kwa sababu ameanguka ni kumwadhibu kwa jambo asilolijua. Nabii Hosea, alipotaka kuwaeleza Waisraeli upendo wa Mungu, hakumwonyesha Mungu kama mfalme aketiye enzini; alimfananisha na mzazi anayemshika mtoto mikono na kumfundisha kutembea, anayemwinua hata shavuni pake, na kuinama ili amlishe. Mzazi huyo ameinama. Kila aliyemfundisha mtoto kutembea anayajua maumivu yale ya kiuno. Basi, mtu asiseme kwamba kumtazama mtoto mdogo ni kazi ya wale wasio na kazi, maana Mungu mwenyewe hakuona haya kufananishwa na mwenye kuifanya.

Fikirini sasa habari za Isangi. Mji huo upo mahali ambapo mto Lomami unaingia katika mto mkubwa wa Kongo, kilometa zipatazo 125 kutoka Kisangani kwa kufuata maji yaendako. Walokele wakaao kandokando ni wavuvi tangu zamani za mababu, na milango ya nyumba nyingi huelekea maji. Mtoni hutoka samaki, hutoka maji ya kupikia, na ndiyo njia ya kwenda sokoni. Huko huko ndiko mtoto aendaye tata hupenda kwenda kuliko mahali pengine pote, maana kila siku humwona mama yake akishuka na ndoo.

Watu wengi hudhani kwamba mtoto anayezama hupiga kelele na kupigapiga maji kwa mikono. Sivyo. Kwa kawaida mtoto mdogo huzama kimya. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake; akiinama juu ya ndoo, au juu ya shimo la kulowekea muhogo, kichwa hutangulia, naye hana nguvu za kujiinua, na kinywa kilichojaa maji hakiwezi kuita. Maji machache yatosha, na dakika chache zatosha. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5.

Baada ya maji kuna moto. Mafiga yapo chini, kwenye kimo cha mkono wa mtoto, na chungu cha mawese yanayochemka huangushwa kwa kuguswa tu. Aliyeungua amwagiwe mara moja maji safi yasiyo ya moto, muda wa dakika 20. Asipakwe mawese, wala majivu, wala dawa ya meno. Tena kuna chupa. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya bia, mtoto atajuaje kuwa si kinywaji? Na ile soda kali ya kutengenezea sabuni ni nyeupe kama chumvi. Mtoto aliyekunywa vitu hivi asitapishwe, kwa kuwa kitu kilichounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda, na mafuta ya taa huingia mapafuni. Apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, pamoja na chupa yenyewe, ili wauguzi wajue alichokunywa.

Ukichunguza ajali hizi, utaona kwamba nyingi zina mwanzo mmoja: kila mtu alidhani kwamba mtoto yuko kwa mwenzake. Mama ameshuka mtoni akidhani bibi anamtazama. Bibi amedhani mtoto amemfuata mama. Baba anachonga kasia na kudhani kwamba watoto wakubwa wapo. Watoto wakubwa wamekwenda kucheza. Watu wanane wamo uani, na mtoto hana mtu.

Jambo hili liliipata hata Familia Takatifu. Mwinjili Luka aeleza kwamba Maria na Yosefu, walipotoka Yerusalemu, walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yezu yumo katika msafara. Walikuwa watu watakatifu, na bila shaka msafara wao ulikuwa wa watu wema. Walimtafuta kwa jamaa na kwa marafiki, wakaona kwamba hayupo kwa yeyote. Luka hasemi kwamba Yosefu alimlaumu Maria, wala kwamba waliwashtaki ndugu zao. Walirudi Yerusalemu wote wawili, wakamwona siku ya tatu hekaluni. Lakini Yezu alikuwa na miaka 12, aliweza kukaa kati ya walimu na kuwauliza maswali. Mtoto wa miaka 2 hawezi kungojewa siku tatu.

Wengine husema: "Malaika mlinzi yupo." Ni kweli yupo, na Kanisa hufundisha hivyo. Lakini kumbukeni ni nani aliyelitumia neno hilo kwa hila. Ni Shetani, alipomsimamisha Yezu juu ya kinara cha hekalu, akamshawishi ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Yezu alikataa, maana kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Amwachaye mtoto peke yake ukingoni mwa mto, akimtegemea malaika, anamwachia malaika kazi ambayo Mungu amempa yeye mwenyewe.

Sasa lifuate neno lililo gumu zaidi. Mtoto akiisha kufa maji, ngoma ya mti hupeleka habari hata ng'ambo, jamaa hufika kwa mitumbwi, na kabla machozi hayajakauka mtu mmoja huuliza: "Ni nani aliyemla?" Hapo macho ya watu humwendea bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea, au yule dada wa miaka 8 aliyeachiwa mtoto, hasa akiwa yatima anayelelewa na mjomba. Huchukuliwa kwa mganga, au kwa mtu ajiitaye nabii, akanyimwa chakula, akapigwa, mpaka akiri tendo asilolitenda. Katika miji ya Kongo, Kisangani ikiwa mmojawapo, wapo watoto walalao barabarani kwa sababu walifukuzwa nyumbani kwa jina la uchawi.

Mkatekumeni ajitayarishaye kumkana Shetani mbele ya Padri hawezi kusimama katika baraza la namna hiyo akanyamaza. Amri ya nane yakataza kumshuhudia mtu uongo; Amri ya tano yakataza kumwumiza. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yezu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye Yezu alikataa hukumu zote mbili, akamponya yule mtu. Serikali nayo imesema wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yamtoza mwenye kumshtaki faini na kifungo cha mwaka 1 hadi 3.

Dada yule ana miaka 8. Alipewa kazi ya mtu mzima, naye akaifanya kama mtoto, kwa kuwa ni mtoto. Wala asije mtu akautoa mzigo wa lawama kichwani pa bibi kizee na kumtwika mama mwenye msiba. Mama alikwenda shambani kwa sababu nyumba haina chakula kingine, na baba naye ni mzazi: Yosefu alirudi Yerusalemu kwa miguu yake mwenyewe. Anayefika matangani akae chini, anyamaze, alete maji na kuni. Wakati wa kusema juu ya uzio na zamu utakuja baadaye.

Utakapofika, jambo lenyewe halihitaji fedha nyingi. Katika nchi ya Bangladesh, ambako mito na mabwawa yapo karibu na kila nyumba, watoto wengi walikuwa wakifa maji saa za asubuhi, mama zao wanapokuwa kazini. Basi katika vijiji vingi alichaguliwa mwanamke mmoja, akafundishwa, na watoto wa miaka 1 hadi 5 hukusanyika kwake tangu saa tatu asubuhi hata saa saba mchana. Huimba, hucheza, hulala usingizi, naye hawaachi. Mahali palipofanywa hivyo vifo vimepungua sana.

Kina mama wa kapela moja kandokando ya Lomami waweza kushika zamu vivyo hivyo, wawili wawili, siku za kwenda shambani. Kina baba wakate mianzi na kufunga uzio mdogo mlangoni, kimo cha kifua cha mtoto. Ndoo zifunikwe au zimwagwe, mashimo ya muhogo yawekewe magogo juu, chupa za mafuta ya taa na soda ya sabuni zipandishwe darini. Tena, kila anayeondoka aseme kwa sauti jina la yule anayemwachia mtoto, na aliyetajwa aitike: "Yuko kwangu." Asipoitika mtu, mtumbwi ungoje.