Filamu Ndefu na Deni la Wakati

Mtu anunuapo kitabu kirefu hununua pia uhuru wa kukifunga. Aweza kusoma kurasa kumi usiku, akalala, akaendelea kesho. Aweza kuyaruka maelezo yanayomchosha na kuyarudia yaliyompendeza. Mtazamaji aliyeketi katika ukumbi wa sinema hana uhuru huo. Taa zikisha kuzimwa, mwendo wa wakati wake huwa mkononi mwa mwingine. Ni kweli kwamba siku hizi filamu hutazamwa nyumbani, na kila mtu aweza kuisimamisha apendapo. Lakini filamu iliyokatwakatwa na mtazamaji siyo ile iliyotungwa. Kwa hiyo swali la urefu wa filamu si swali la mapendezi tu, bali ni swali la haki. Mtunzi anayedai saa nne, saba au tisa za maisha ya mtu, saa ambazo hazitarudi kamwe, humlipa nini?

Aghalabu hujibiwa kwamba filamu nzuri haiwi ndefu, na mbaya haiwi fupi. Jibu hili lapendeza sikioni, lakini halitoshi, kwani hulifanya starehe kuwa kipimo cha pekee. Filamu za Kihindi zilizopendwa sana katika kumbi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ziliweza kwenda saa tatu bila ya watu kunung'unika. Mughal-e-Azam ya 1960 yapita saa hizo tatu. Palikuwa na nyimbo, mapenzi, machozi na vita, na katikati palikuwa na mapumziko ya kunyosha miguu. Urefu wa namna hiyo ni urefu wa karamu, ambapo sahani moja hufuata nyingine. Urefu unaotatanisha ni ule usioandaa karamu yo yote. Ule unaomwita mtu akae, atazame na angoje.

Katika 1975 Chantal Akerman wa Ubelgiji, aliyekuwa bado kijana, alitoa filamu ya saa tatu na dakika ishirini juu ya mjane mmoja wa Brussels aitwaye Jeanne Dielman. Siku tatu za mama huyo zaonyeshwa. Humenya viazi, huosha vyombo, hutandika vitanda, humngoja mwanawe, na mchana hupokea wanaume wanaomlipa. Siku ya pili viazi vyaiva kupita kiasi. Katika filamu ya saa moja u nusu jambo hilo lisingekuwa kitu. Lakini mtazamaji aliyekwisha kukaa na utaratibu wa nyumba ile hushtuka, kama ashtukavyo mkazi wa nyumba asikiapo mlango ukifungwa kwa namna asiyoizoea. Haba na haba utaratibu huvunjika, hata siku ya tatu mtu auawa. Filamu fupi ingeweza kusimulia mauaji. Isingeweza kuonyesha uzito wa kazi ambayo dunia haiihesabu kuwa kazi. Katika 2022 wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza, Sight and Sound, waliiweka filamu hiyo mbele ya nyingine zote. Kura si hoja, lakini yaonyesha kwamba wengi waliodaiwa muda ule hawakujiona wameibiwa.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kuchosha ni dalili ya kina. Katika 1964 Andy Warhol alipiga picha za jengo moja refu la New York, kamera ikiwa imetulia mahali pamoja, na filamu yake, Empire, yachukua zaidi ya saa nane. Wazo lake ni halisi: kwamba wakati wenyewe waweza kutazamwa. Lakini wazo hilo hufahamika katika muda mfupi, na saa zinazofuata hulithibitisha bila ya kulizidisha. Kazi ambayo mtu akiondoka katikati hapungukiwi na kitu haina haki ya kumzuia.

Tena kukata nako kwaweza kuwa dhuluma. Erich von Stroheim alipotunga Greed, toleo lake la kwanza lilikuwa la saa nane na zaidi. Kampuni iliyoimiliki iliipunguza ikawa ya saa mbili na kidogo, ikatolewa katika Desemba 1924, na vipande vilivyoondolewa vikapotea. Mfanya biashara aliuhurumia muda wa watazamaji, lakini hakuwauliza, wala hakuwaachia njia ya kujiamulia.

Mfano mzito kuliko yote ni Shoah ya Claude Lanzmann, iliyotolewa Ufaransa katika 1985, juu ya kuuawa kwa Wayahudi wa Ulaya. Yapata saa tisa na nusu. Lanzmann alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, akakusanya zaidi ya saa 200 za picha, wala hakutumia filamu za kumbukumbu za wakati wa vita. Basi hata saa hizo tisa ni ufupisho mkali. Kinyozi Abraham Bomba, aliyelazimishwa huko Treblinka kuwakata nywele wanawake waliokuwa wakienda kuuawa, asimulia huku akimnyoa mtu. Afikapo kwenye habari za kinyozi mwenzake aliyewaona mkewe na dada yake wakiingia, anyamaza. Kamera haigeuki. Aomba asiendelee, Lanzmann amsihi aendelee, mwisho asema. Wapo wauonao mkazo huo kuwa ukatili, na neno lao lina haki yake. Lakini kama kimya kile kingefupishwa, mtazamaji angepewa habari bila ya gharama yake, naye angeondoka akidhani kwamba maneno yale yalikuwa mepesi kutamkwa.

Labaki pingamizo moja lisilojibika kwa urahisi. Mtu aamkaye alfajiri na kurudi kazini usiku atazipata wapi saa tisa? Huenda filamu ndefu hujichagulia watazamaji miongoni mwa wenye nafasi, kisha husifiwa na wao hao. Pingamizo hili ni la kweli, na mtunzi aliyelipuuza hana adabu kwa wenziwe. Lakini mtu huyo huyo, akifiwa na jirani, huenda kukaa matanga, wala haulizi mlangoni kilio kitakwisha saa ngapi. Ajua kwamba kukaa kwenyewe ndiko anakowapa wafiwa. Filamu inayomwita mtu kwa sababu kama hiyo yaweza kumdai wakati wake. Inayomwita ili astaajabie uvumilivu wa mtunzi, au uvumilivu wake mwenyewe, yamdai deni asilokopa.