Tusihukumu kwa jina

Mwaka jana, katika chumba cha kompyuta cha shule ninayofundisha, mashine moja ilianza kwenda taratibu mno. Tulipofungua orodha ya programu zinazofanya kazi ndani yake, tulikuta jina svchost.exe limejirudia mara nyingi. Hakuna aliyelijua. Mtu mmoja akasema, "Hicho ni kirusi." Aliyeitumia mwisho mashine ile ni mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuja na flashi yake. Mimi, mwalimu wa dini, nikamtuhumu mbele ya wenzake na kumtoa nje.

Siku mbili baadaye akaja fundi, naye akacheka. Svchost.exe ni mtumishi halali wa Windows, ambaye kazi yake ni kubeba huduma mbalimbali za mfumo. Tangu mwaka 2017, Windows 10 ilianza kuzitenganisha huduma hizo katika kompyuta zenye kumbukumbu ya kutosha, ndiyo maana jina hilo hujirudia. Mashine yetu ilikuwa inajisasisha tu.

Wapo watakaosema kuwa tahadhari ni bora, na kwamba afadhali kumshuku asiye na kosa kuliko kumwachia mwizi. Lakini hebu tutazame yaliyotokea. Mwaka 2002 ulienea ujumbe wa barua pepe ukiwaonya watu kuwa faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi na walifute haraka. Lilikuwa faili halali la Windows. Wenye kompyuta walilifuta kwa mikono yao wenyewe, kisha wakawahimiza ndugu na jamaa wafanye hivyo hivyo. Tarehe 21 Aprili 2010, programu ya ulinzi ya McAfee iliidhania svchost.exe ya Windows XP kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Mlinzi alimkamata mwenye nyumba!

Je, basi tuamini kila kitu? La hasha. Watengenezaji wa virusi wanajua kwamba wengi wetu husoma jina tu. Hukiita kirusi scvhost.exe, herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, au hukipa jina lile lile na kukificha folda nyingine. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilibeba hata saini za kidijitali zilizoibwa za kampuni halali. Kuvaa kanzu si kuwa shekhe.

Kwa hiyo anayemwachia mtu kwa jina na anayemhukumu kwa jina wamefanya kosa moja. Fundi alitufundisha maswali matatu. Linakaa wapi? Svchost.exe halisi kwa kawaida hukaa katika folda ya System32 ndani ya Windows. Ukilikuta kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, una haki ya kushuku. Nani amelidhamini? Tazama kama lina saini ya Microsoft. Linafanya nini? Hakuna jibu moja linalotosha peke yake, na asiyejua amuulize ajuaye.

Kutojua kompyuta hakukuwa kosa langu. Kosa langu ni kutoa hukumu kabla ya kuuliza hata swali moja. Katika Surat Hujurat tumeamrishwa kuhakiki habari na kujiepusha na dhana mbaya. Somo hilo mimi nalifundisha kila mwaka!

Nilimwomba kijana yule radhi mbele ya darasa lile lile. Akajibu kwa adabu, "Nimekusamehe, Ustadhi." Fundi anaweza kulirudisha faili lililofutwa kimakosa kwa muda mfupi. Lakini wenzake waliendelea kumwita "Kirusi" hadi shule ilipofungwa, na jina hilo nililimpa mimi.

Ndugu msomaji, kabla hujamtaja mtu kwa ubaya, umeuliza maswali mangapi?