Mfupa Una Kosa Gani?

Mjomba wangu alianza kwa kiu. Kiu, uchovu, halafu akawa anachanganya majina yetu. Sisi tukasema ni mawazo tu. Daktari akasema saratani ya figo imefika uti wa mgongo, na kalsiamu imejaa kwa damu. Imetoka wapi? Kwa mifupa yake mwenyewe.

Mama akauliza, "Kwani mfupa uliikubalia aje?"

Nikaenda kusoma. Mwaka 1941, daktari Mmarekani Fuller Albright alieleza habari za mgonjwa kama huyu. Alishuku kwamba uvimbe ule unatengeneza kitu mfano wa homoni ya vitezi vinne vya shingoni, vile vinavyosimamia kalsiamu mwilini. Kitu chenyewe kilipatikana 1987, kikaitwa PTHrP. Mwanzo wake unafanana na homoni hiyo kiasi kwamba seli za mfupa huzipokea zote mbili kwa mlango mmoja.

Na si sumu. Mama anaponyonyesha, matiti yake hutoa ujumbe huohuo ili mifupa iachilie kalsiamu ya maziwa. Kumbe saratani haikubuni uongo mpya. Inaomba kwa sauti ya mtoto mchanga.

Mfupa ukiupata ujumbe, seli za kuubomoa zinaanza kazi. Ukibomoka, zinatoka pia protini za ukuaji zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake. Hizo zinazilisha seli za saratani, nazo zinakua, zinaomba tena.

Sasa, mfupa una kosa? Kuna watakaosema anayetoa bila kuuliza ajilaumu mwenyewe. Mimi sikubali. Mfupa usioitikia mtu ungemwacha mtoto bila maziwa ya maana, na mwili ambao kila kiungo kinamshuku mwenzake hauwezi kuishi hata siku moja. Kosa nalitafuta kwa anayeomba. Vile vitezi vya shingoni vinaomba pia, lakini vinaonja damu. Kalsiamu ikitosha, vinanyamaza. Uvimbe hauonji. Upewe usipewe, unaomba tu. Kwa hivyo naona ubaya hauko katika kuomba. Uko katika kuomba huku umeziba masikio.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande wa mfupa. Lakini mjomba ndiye aliyenilipia karo. Juzi nilifungua simu yangu ya zamani, nikapata meseji zetu za mwaka ule.

Mimi: "Mjomba, za kodi ya chumba."

Yeye: "Sawa. Mgongo unanisumbua sana siku hizi, hata kulala ni shida."

Mimi: "Pole. Utatuma leo ama kesho?"

Alituma jioni hiyo hiyo.