Jembe la Mgeni

Kustaafu ni jambo changa katika maisha ya binadamu. Zamani mtu alifanya kazi mpaka nguvu zilipomwacha, kisha akakaa barazani, akaamua magomvi ya vijana, akasimulia aliyoyaona, akafa. Haikuwako siku moja iliyoandikwa katika kalenda ambayo asubuhi yake mtu ni fundi na jioni yake si fundi tena. Ujerumani ilipotunga sheria ya malipo ya uzee mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70; mwaka 1916 ukateremshwa kuwa miaka 65. Kwetu Tanzania watumishi wengi wa serikali huweza kuondoka kwa hiari wakiwa na miaka 55, na hulazimika kuondoka wakiwa na miaka 60. Huondoka na kiinua mgongo. Jina hilo lina mzaha ndani yake, maana fedha yenyewe huja baada ya mgongo kuinamishwa kwa muda wa miaka thelathini. Lakini siku hizi wapo wengi ambao hutoka kazini mgongo ungali umenyooka.

Mtu wa namna hiyo, aliyeondolewa kazini na sheria wala si na udhaifu, mwenye afya, ujuzi na akiba, afanye nini na miaka yake iliyosalia? Katika nchi za matajiri jibu moja limepata wafuasi. Asafiri aione dunia, na katika safari yake ajitolee kufanya kazi bila ya mshahara kwa ajili ya watu wa nchi anazozifikia. Kwa tazamo la kwanza jibu hilo halina ila. Msafiri hupata maana ya safari yake, mwenyeji hupata msaada wa bure, na ujuzi wa maisha mazima hauzikwi kabla ya mwenyewe kuzikwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioridhika na jibu hilo. Sasa nina shaka nalo, na shaka yangu sikuipata vitabuni.

Mifano mizuri ipo, na haki ni kuanza nayo. Lillian Carter wa jimbo la Georgia, Marekani, alizaliwa mwaka 1898. Alikuwa muuguzi, akafiwa na mumewe, na watoto wake wakawa watu wazima wenye nyumba zao. Mwaka 1966, akiwa na miaka 68, alijiunga na Peace Corps, idara ya serikali yao ambayo iliundwa mwaka 1961 na ambayo watu wake wa kwanza walifika Tanganyika mwaka ule ule. Idara hiyo ilidhaniwa kuwa ni ya vijana. Bibi huyo alipelekwa Vikhroli, karibu na jiji lililoitwa Bombay wakati ule, akahudumu huko katika kazi ya afya kwa muda unaokaribia miaka miwili. Watu walikuja kumjua zaidi mwaka 1977, mwanawe Jimmy alipokuwa rais, lakini kazi aliifanya alipokuwa hajulikani. Huko Bonn nako, tangu mwaka 1983, lipo shirika liitwalo Senior Expert Service ambalo huwatuma wastaafu wenye ujuzi mahali walipoombwa.

Yafaa neno hilo la mwisho likumbukwe: walipoombwa. Maana wapo wengine ambao hawakuombwa na mtu. Hulipa fedha kwa wakala wa safari, wakapangiwa siku kadhaa za kutazama wanyama, siku kadhaa za pwani, na katikati yake siku kadhaa za kufundisha watoto nyimbo au kupaka rangi ukuta wa shule. Ukuta huo hupakwa na mtu ambaye kwao alikuwa mhasibu, huku mpaka rangi wa kijiji, mwenye watoto wa kulisha, amekaa chini ya mwembe akitazama.

Wako wanaowalaumu wasafiri hawa kwa kuchanganya nia. Husema kwamba mtu aliyekuja kustarehe hawezi kusema amekuja kuhudumu. Lawama hiyo siikubali. Wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kulitazama swali linalofanana nalo, wakaona kwamba mwenda hija akifanya biashara katika safari yake, hija yake haibatiliki kwa sababu hiyo. Binadamu ni nadra kufanya jambo kwa nia moja iliyochujwa. Mwalimu hufundisha kwa kupenda elimu na kwa kupenda mshahara. Tukimdai nia moja tu, shule zote zitafungwa. Ikiwa bibi wa miaka 65 ametoka Ulaya kwa hamu ya kuuona mlima Kilimanjaro, na kwa hamu hiyo hiyo akatibu jicho la mtoto, jicho halitauliza ni hamu ipi iliyotangulia.

Kosa basi liko wapi? Mwezi wa Aprili mwaka 1968, padre Ivan Illich alisimama mjini Cuernavaca, Mexico, mbele ya vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kuwahudumia wanavijiji wa huko. Aliwaambia waziwazi kwamba nia yao njema haikuwa hoja. Wakitaka kuja waje kutazama, waje kupanda milima na kufurahia maua, waje kusoma, lakini wasije kusaidia. Maneno hayo ni makali, nami naona yamevuka mpaka, kwa kuwa yanamfunga hata yule ambaye mwenyeji mwenyewe angetaka kumpokea. Lakini yana kweli moja kubwa: kusaidia si haki ambayo msafiri huibeba mfukoni pamoja na pasi yake.

Katika jambo hili lugha yetu ilikwisha kusema zamani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoueleza Ujamaa, akakumbusha kwamba mgeni mwenye adabu aliliomba jembe mwenyewe kabla ya kupewa. Sisi tumezoea kuisoma kama onyo kwa wavivu. Naiomba isomwe tena polepole. Jembe ni la nani? Ni la mwenyeji. Nani anayelitoa? Mwenyeji. Hata mgeni mwenye adabu huomba. Hatoki kwao na jembe lake begani akachagua shamba la kulima. Na zile siku mbili ni za nini? Tumezihesabu kuwa ni siku za kula bure, lakini mgeni mwenye macho hazipotezi. Huona mashamba yako wapi, mpaka ni upi, mvua imechelewa au haikuchelewa, nani katika nyumba ile huamka kwanza. Siku ya tatu akishika mpini, anajua anapopiga. Tena hulima pamoja na wenyeji katika mstari mmoja, mbele ya macho yao, akilima vibaya wamrekebishe.

Jambo hili lina ubaya wake pale lilipopinduliwa kabisa. Wageni wakiwa wengi wenye hamu ya kusaidia yatima, na wenye fedha za kulipia hamu hiyo, hutokea watu wa kuwatafutia yatima. Imeonekana katika nchi kadhaa kwamba watoto wenye mzazi aliye hai wametolewa kwao wakawekwa katika makao ili wageni wapate wa kumbeba. Australia ilipotunga sheria yake ya kupinga utumwa wa siku hizi mwaka 2018, biashara hiyo ya watoto ilitajwa katika mjadala wake, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaigusa katika azimio la mwaka 2019 juu ya haki za mtoto. Hapo jembe limetangulia, na shamba limechimbwa mahali pasipostahili ili jembe lisikae bure. Sidhani kwamba mzee aliyembeba mtoto yule alikuwa mtu mbaya. Hakukaa zile siku mbili.

Mstaafu ana hatari yake pekee ambayo kijana hana. Kijana hajui, na aghalabu anajua kwamba hajui. Mstaafu anajua kweli, lakini alijua kwao. Ibn Battuta hakuwa mstaafu alipofika visiwa vya Maldives katika karne ya 14, lakini alikuwa na elimu yake ya sheria. Wenyeji wakamfanya kadhi. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyotaka kuwabadilisha wanawake wa huko mavazi yao, na jinsi alivyoshindwa. Kustaafu humvua mtu cheo kwa siku moja. Kumvua mazoea ya cheo huchukua muda zaidi, na pengine muda huo ndio anaoutumia ugenini.

Sasa nieleze shaka yangu ilikotoka. Nilikuwa mjumbe katika kamati ya zahanati moja ya milimani, mkoani Tanga, ambayo sitaitaja. Tulipata barua kwamba muuguzi mstaafu kutoka Ulaya ya Kaskazini, mjane, alikuwa akitembea Afrika ya Mashariki na angependa kutufanyia kazi kwa miezi mitatu baada ya matembezi yake ya mbugani na Unguja. Vibali vyake vilikuwa kamili. Tulifurahi. Tulipaka chokaa chumba cha kulala, tukamchinjia mbuzi, nami ndimi niliyesoma risala ya kumkaribisha. Nilisema ndani yake kwamba kijiji kilikuwa kimekosa ujuzi, naye ametuletea.

Katika mkutano ule, safu ya nyuma, alikuwako bibi mmoja wa kijiji. Alikuwa mkunga wa serikali kwa miaka zaidi ya thelathini katika wilaya tatu, akastaafu kwa sheria, akarudi kulima maharage yake umbali wa dakika kumi kutoka zahanati. Kwa miaka minne hapakuwa na mjumbe hata mmoja wa kamati aliyempigia hodi. Wajukuu wetu wengine wamezaliwa mikononi mwake. Aliisikiliza risala yangu mpaka mwisho, akapiga makofi kama wengine.

Mgeni alianza kazi kwa bidii. Alipanga mafundisho ya waja wazito yawe siku ya soko, kwa hoja kwamba siku hiyo watu wote hushuka kijijini. Wiki ya kwanza walikuja wawili, wiki ya pili hakuja mtu. Alidhani kwamba hawampendi. Wiki ya tatu alifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya: aliuliza, kwa msaada wa kijana mkalimani, nani alikuwa akiwahudumia wanawake hawa zamani. Akatajiwa jina, akaenda shambani kwa miguu, akamkuta bibi akipalilia. Kijana alituambia baadaye kwamba mgeni alitoa shikamoo yake ya kujifunza, akachutama, akaanza kung'oa magugu kabla ya kusema neno jingine. Bibi alimwacha amalize tuta moja. Kisha akamwambia kwamba mwanamke aliyeshuka na mzigo wa kabichi siku ya soko hawezi kuuacha mzigo kwenda kusikiliza mafundisho, kwa kuwa bei huanguka saa sita na mnunuzi hamngoji mtu. Mafundisho yawe siku ya pili yake.

Yakawa siku ya pili yake, na chumba kikajaa. Bibi alisema kwa Kisambaa, mgeni akaonyesha kwa mikono. Wala isidhaniwe kwamba mgeni hakuwa na kitu. Wauguzi wetu vijana walikuwa na desturi ya kumpima presha yule tu aliyeonekana mgonjwa. Mgeni alisisitiza apimwe kila mja mzito, kila mara ajapo, kwa sababu ugonjwa ule wa presha ya mimba waweza kuanza bila ya dalili ya kuonekana kwa macho. Bibi aliliunga mkono jambo hilo kwa ukali, akasema kwamba enzi zake aliyeruka kupima alisimamishwa mbele ya wenzake. Desturi ile ingalipo.

Miezi mitatu ilipokwisha tulifanya mkutano wa kuaga. Mgeni alisimama, akasema kwa Kiswahili chake cha kusuasua kwamba yeye alikuwa msaidizi, na mkuu wake ameketi kule nyuma. Watu waligeuka kutazama. Mimi nilitazama karatasi yangu, ambayo ilikuwa na risala nyingine ya kumshukuru mgeni peke yake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilihitajika mtu asafiri bahari mbili ili jembe limfikie jirani yetu. Jibu la haraka ni umaskini: zahanati haikuwa na fungu la kumlipa. Lakini mgeni naye hakulipwa. Jibu jingine ni kwamba hakuomba. Mgeni aliomba, tena kwa barua yenye chapa. Nikiwa mkweli, naona kwamba tuliamini ujuzi hutoka mbali, na kwamba mzee wa kwetu aliyestaafu ni mtu wa kupumzishwa, na mzee wa watu ni mtu wa kutumiwa. Hivyo wakala mwenye kuuza ukuta wa kupakwa rangi ana mshirika wake upande wetu. Yeye huuza, nasi hupokea kwa mbuzi na risala.

Kamati ilimwomba bibi aje zahanati siku moja katika wiki, kwa posho ndogo ya nauli ambayo hakuihitaji, maana huja kwa miguu. Nilitumwa mimi kumpelekea habari hiyo. Nilimkuta shambani. Nilitoa shikamoo, nikasimama pembeni mwa tuta na viatu vyangu vya ofisi, nikaeleza uamuzi wa kamati. Alisikiliza, akakubali, akaniuliza miaka yangu ya kazi imebaki mingapi. Nikamwambia miwili. Akaniuliza nikistaafu nitakwenda wapi. Nikasema bado sijui. Akainama akaendelea kupalilia, na jembe la pili lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba.