Raia Mwema Ni Yule Anayenyamaza?



Mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa kufundisha Uraia kidato cha tatu, sekondari moja ya kata, kijijini kabisa. Siku moja niliwaambia waandike kwa Kiswahili (somo lilikuwa la Kiingereza, lakini jamani, nilitaka majibu ya kweli): raia mwema ni nani? Karibu karatasi zote zilisema anatii viongozi, analipa michango, hana vurugu. Hakuna aliyeandika kwamba raia huuliza.

Sikuwalaumu. Kwenye daftari kuna ibara ya 21 ya Katiba ya 1977, haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Nyumbani kuna "nyamaza, wakubwa wanaongea". Unadhani kipi kinakaa kichwani?

Kwa Aristotle, raia ni yule anayeshiriki kuamua na kuhukumu, si mkazi tu. Na Katekisimu yetu, namba 2238, inasema kushirikiana na viongozi kunabeba haki, na wakati mwingine wajibu, wa kukosoa kwa haki kinachoumiza utu wa watu na manufaa ya jumuiya. Wajibu! Hilo nililifundisha kwa sauti kubwa.

Baada ya kipindi kijana mmoja, tayari ana miaka 18, akanifuata.

"Frateri, baba alichangia maabara mwaka juzi. Maabara haipo. Nikiuliza kwenye mkutano wa kijiji, ni haki yangu au ni utovu wa adabu?"

Nikamjibu, "Maliza mtihani kwanza."

Nilijiona nina busara. Ukweli, niliogopa. Wale viongozi nilikuwa nakula mezani kwao, na ripoti yangu ilikuwa inasubiriwa seminarini. Nilitaka isomeke "mtiifu". Tangu hapo najiuliza: anayenyamaza kwa woga ametii nini hasa? Utii ni fadhila pale ninapochagua. Mimi nilijificha tu.

Wiki ya mwisho nilimtafuta. Nikamweleza kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na kwamba taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa palepale.

"Hilo najua, Frateri, ulituandikia ubaoni. Nilitaka kujua kama utakuja."

Mkutano ulikuwa mwezi uliofuata. Mimi nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi.