Mwili Upinde, au Kiti?

Mwaka mmoja nilimwadhibu mwanafunzi kwa kutotulia darasani. Kila nilipogeukia ubao, dawati lake lililia. Siku moja, darasa lilipokuwa tupu, nikaketi mahali pake. Magoti yangu yaligota chini ya meza, na ubao wa kukalia ulikuwa umepigiliwa pamoja na meza hiyo, hausogei mbele wala nyuma. Kumbe kosa lake lilikuwa kurefuka miguu.

Tangu hapo swali limenikaa moyoni: mwili na kiti visipopatana, kipi kina wajibu wa kubadilika? Seremala wa madawati yale alimkusudia mtoto wa kimo cha wastani, ambaye mimi sijapata kumfundisha. Mashoto agonganaye viwiko na jirani yake, mfupi ambaye nyayo zake hazifiki sakafuni hata mapaja yakafa ganzi, mwenye mikongojo asiyeweza kujipenyeza: hao wote twawaona wasumbufu.

Mwaka 1972 Peter Opsvik, mbunifu wa Norwei, alipoona mwanawe mdogo hana kiti cha kumfaa mezani, alibuni kiti kiitwacho Tripp Trapp. Ubao wa kukalia na wa kuwekea miguu huchomekwa katika mifuo, ukapandishwa au kushushwa kadiri mtoto akuavyo. Hata mtu mzima hukikalia. Mifuo na vibao viwili! Naamini seremala wa mtaani aweza kutengeneza mfano wake, akiagizwa.

Mwanafunzi yule alikwisha kuhama nilipotaka kumwomba radhi. Dawati lingalipo, na mwingine amekwisha kukalishwa hapo.